Chumvi ya Shangazi

Muuza mvinyo alishuka Nyendo saa nne asubuhi,
viatu vimeshika vumbi jekundu la Masaka,
chupa mbili kazifunga gazeti, kazipakata.
"Mama Nakibuule, hoteli yako inakua,
wageni wa siku hizi hawashushii kwa soda."
Nikamwambia, kaa.
Luwombo haina haraka, na mimi sina.

Jogoo nilimnunua kwa Lubowa, wa kienyeji, mbishi,
alikufa akiwa bado anadai haki yake.
Jani la mgomba nililipitisha motoni
likalainika bila kuchanika.
Ndani nikapanga paja, kidari, uyoga mkavu,
karanga za kusaga,
chumvi vijiko vitatu kama nilivyofundishwa,
na firigisi juu, peke yake, mahali pa heshima.
Kisha vikombe viwili vya mvinyo wa ndizi
wa Shangazi Nalumansi wa Kyotera.
Husafiri kwa basi ndani ya jerikani ya mafuta ya kupikia.
Hauna lebo, hauna mwaka,
una amri moja tu:
usiutie kabla nyama haijatoa jasho.

Mgeni akangoja hadi alasiri.
Nilipofungua jani, mvuke ukamvua miwani.

Akamimina nyeupe.
Ilipokutana na karanga ikanywea,
kama bwana harusi mbele ya wakwe.
Akamimina nyekundu.
Ikagombana na moshi wa uyoga,
nikaonja chuma, kana kwamba nimelamba ufunguo.
Akaandika kitu daftarini. Akafuta.
Nikammiminia ule wa jerikani.
Akanyamaza.
"Huu kaupika nani?"

Shangazi alikuwa uani, mkekani,
miguu kaikunja upande, anachambua maharage.
Miaka themanini na moja.
Mgeni akachuchumaa mbele ya ungo:
"Bibi, ulijuaje kwamba mvinyo huu
na kuku huyu wanapatana?"
"Sijui," akasema. "Sijawahi kumla."

Alisema bila uchungu,
kama mtu asemaye hajawahi kufika Ulaya.
Enzi zao kuku alikuwa wa waume na wavulana,
jogoo alikuwa wa kaka anayemtoa dada yake.
Mwanamke alimkimbiza, akamnyonyoa, akamfunga janini,
akampeleka mezani kwa magoti,
akarudi jikoni kula majani ya maboga.
Hata mchuzi hakuuonja.
Chumvi aliipima kwa pua,
mvinyo aliupima kwa sikio:
chungu kikinong'ona, bado;
kikiguna, epua.
Sahani zikirudi tupu alijua amepatia.
Mwiko ulikufa, sisi wasichana tukala,
tukalamba na vidole mbele yake.
Yeye hakuna aliyekumbuka kumkaribisha.
Mimi pia sikukumbuka.

Nikaingia ndani, nikaichukua firigisi,
ile ya mwenye nyumba.
Nyumba hii kodi nalipa mimi.
Nikaiweka kwenye sahani ya wageni, ile yenye maua,
kando yake bilauri.
Mgeni akageuka kutazama kuku hai wa jirani;
alikuwa na adabu yake.

Shangazi akanawa, akanusa.
Akaanza na mvinyo, funda moja,
kisha akauma.
Alitafuna muda mrefu,
meno yamebaki machache na firigisi si mchezo.
Maharage nusu yamechambuliwa, nusu bado.
Tukangoja.

Akameza. Akanitazama kwa hasira ya kweli.
"Miaka sitini! Miaka sitini nazidisha chumvi,
na hakuna mwanamume hata mmoja aliyeniambia!"

Akaisogeza bilauri.
"Mimina. Na lete paja."